Nichague kiwango gani cha shughuli kwenye programu ya kalori?

Swali: Mtaalamu, asalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina duka la vitambaa hapa Bombo, Uganda. Urefu wangu ni sentimita 164, uzito kilo 82. Sina mimba wala sinyonyeshi. Kaka yangu, ambaye ni askari, aliniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu kalori. Ilipouliza kiwango cha shughuli alinichagulia "nyingi" kama alivyojichagulia yeye, maana kutwa niko dukani, jioni napika, na mara nne kwa wiki natembea dakika 45 baada ya swala ya alfajiri. Programu ikanipa kalori 2,094 kwa siku ili nipunguze nusu kilo kila wiki, na siku nikitembea inaniongezea 300. Nimeifuata miezi miwili bila kudanganya. Badala ya kupungua nimeongezeka kilo moja. Baba watoto anasema nishuke tu mpaka 1,200 nimalize maneno. Kosa liko wapi, na nichague kipi?

Jibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Chagua ngazi ya pili kutoka chini, ile ambayo programu nyingi huiita "shughuli kidogo", kisha zima hiyo nyongeza ya 300. Usishuke mpaka 1,200. Hilo ndilo jibu kwa mwenye haraka. Kama una nafasi, chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Ni hesabu za dukani, kujumlisha na kuzidisha, na naona wewe utazipiga kunishinda.

Programu haikujui. Inachofanya kwanza ni kukisia kalori ambazo mwili wako ungetumia ukilala kutwa kucha bila kunyanyua hata kidole: moyo kupiga, mapafu kupumua, ini na ubongo kufanya kazi zao, mwili kubaki na joto. Nyingi hutumia kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa Marekani mwaka 1990. Kwa mwanamke, unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha sentimita zako mara 6.25, unatoa umri mara 5, halafu unatoa 161. Kwako ni 820 kujumlisha 1,025, toa 180, toa 161. Zinabaki 1,504. Hizi tuziite kalori za msingi. Kwa watu wengi kanuni hii haikosei zaidi ya asilimia 10 huku au kule, na hakuna pa kubishana sana, kwa sababu umri unaujua na urefu haubadiliki.

Kisha linakuja lile swali la shughuli. Kila neno unaloliona pale limefungiwa namba nyuma yake, na kwa kawaida ni hizi: 1.2 kwa anayekaa tu, 1.375 kwa shughuli kidogo, 1.55 kwa wastani, 1.725 kwa nyingi, 1.9 kwa nyingi kupita kiasi. Programu inazidisha kalori zako za msingi kwa namba hiyo. Kwako zinatoka 1,805, 2,068, 2,331, 2,594 na 2,858. Kaka yako aligusa ya nne. Programu ikatoa 500 ili upungue, ikakuandikia 2,094.

Sasa tazama pengo. Kati ya ngazi ya pili na ya nne kuna kalori 526. Programu ilikata 500. Yaani upungufu wote uliodhani unao ulimezwa na neno moja kabla hujala hata tonge la kwanza. Ndiyo maana nikiletewa malalamiko ya "nahesabu lakini sipungui", kitu cha kwanza ninachouliza ni mtu aligusa neno gani siku ile ya kwanza, tena aligusa akiwa amekaa na nani. Maneno yenyewe yamekaa vibaya. Nani anataka kujiita mtu "anayekaa tu"? Kwetu hilo ni karibu na tusi.

Wengi huchagua kwa kuangalia wanavyochoka, na hapo ndipo wanapopotea. Upo uchovu wa miguu iliyovimba kwa kusimama, upo wa kubishana bei tangu saa tatu asubuhi, upo wa joto la mabati saa nane mchana, upo wa kumwaza mwenye nyumba anayetaka kodi yake. Wote ni wa kweli, na karibu wote hautumii kalori za maana. Kalori nyingi hutumika pale misuli mikubwa, ya mapaja, makalio na mgongo, inapobeba mwili au mzigo kwa muda mrefu. Ubongo nao hula karibu sehemu ya tano ya kalori za msingi, lakini huzila vilevile ukiwa unapiga hesabu za mwezi au umekodolea ukuta.

Tuitazame kazi yako kwa karibu. Mteja anaingia, unasimama, unavuta jora la kitenge kutoka kwenye rafu, unalitandaza mezani, unapima yadi sita, unakata, unakunja, unapokea pesa, unamtafutia chenji. Dakika sita au saba zimekwisha. Kisha unakaa. Unajibu simu, unapanga risiti, jirani anakuja kupiga soga, nusu saa inapita. Mchana ukiwa mzito unaweza kukaa saa nzima bila mtu kuuliza bei. Nimewahi kumwomba mama mmoja wa duka kama lako aweke karatasi kaunta na apige mstari kila akisimama na kila akikaa. Alikuja na karatasi yake amekasirika, akaniambia, "Kumbe mimi kazi yangu ni kukaa!" Siku nzima alisimama saa mbili na nusu, na alikuwa na uhakika ni saa nane.

Kwa hiyo, siku yako ya kutembea naikisia hivi, nawe rekebisha pale nilipokosea. Kila saa tunaipa namba ya mara ngapi inazidi kalori za msingi. Usingizi saa 7 na nusu, kila saa 1. Matembezi ya haraka robo tatu ya saa, 3.5. Kupika, kufagia na kufua saa 2, kwa 2.3. Nyuma ya boda kwenda na kurudi robo tatu ya saa, 1.5. Dukani umekaa saa 7 na nusu, kwa 1.3. Dukani umesimama saa 2 na nusu, kwa 2. Kula, kuswali, televisheni na mazungumzo saa 3, kwa 1.3. Zidisha kila moja na ujumlishe, utapata 34.5. Gawanya kwa saa 24: ni 1.44. Siku ambayo hukutembea, ukaikalia ile robo tatu ya saa, inashuka hadi 1.37. Changanya siku nne za kutembea na tatu za kutotembea, wastani wa wiki ni 1.41. Mara 1,504, ni kama kalori 2,100 kwa siku.

Neno lililo karibu na 1.41 kwenye orodha ya programu ni "kidogo". Si wastani, si nyingi. Na humo matembezi yako yamekwisha kuhesabiwa.

Hesabu hii ya saa kwa saa sikuitunga mimi. Ndiyo njia iliyotumiwa na wataalamu wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), WHO (Shirika la Afya Duniani) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walipokutana Roma mwaka 2001 kupanga mahitaji ya nguvu ya binadamu. Ripoti yao ilitoka 2004. Waligawa maisha kwa mafungu matatu: 1.40 hadi 1.69 kwa wanaokaa au wenye shughuli nyepesi, 1.70 hadi 1.99 kwa wenye shughuli, na 2.00 hadi 2.40 kwa kazi ngumu. Mfano wao wa kazi ngumu ni mkulima asiye na mashine, anayeshika jembe, panga au shoka kwa saa kadhaa kila siku na kutembea mwendo mrefu na mzigo. Ukitaka kumwona, toka Bombo uingie ndani kidogo upande wa Luwero wakati wa palizi, utakutana na mama ameanza saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, na bado hajateka maji. Huyo ndiye "nyingi". Wewe na mimi, dada, tunakaa chini ya paa.

Nasikia ukiniuliza: lakini si Uganda inasifiwa kwa kuwa na watu wanaojishughulisha kuliko nchi zote? Ni kweli. Wataalamu wa WHO walichapisha mwaka 2018 hesabu za nchi 168, na Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache zaidi wasiofikia kipimo cha shughuli za mwili, asilimia 5.5 tu. Tulifurahi sana, hata watu ambao hawajashika jembe tangu shule ya msingi walijigamba. Lakini kipimo chenyewe ni dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na wewe kwa dakika zako 180 za kutembea umekwisha kukivuka. Kukivuka hakukupandishi mpaka 1.725. Ni kipimo cha afya ya moyo na sukari, na kwa hilo hongera, endelea.

Sasa hiyo 300. Programu za kalori ziko za namna mbili, na hakuna anayekueleza iliyo yako ni ipi. Namna ya kwanza inataka uchague kiwango cha siku yako ya kawaida bila mazoezi, halafu kila ukifanya zoezi inakuongezea chakula. MyFitnessPal ni ya namna hii. Namna ya pili inataka uingize kila kitu, kazi na mazoezi, katika neno moja, na haikuongezei chochote baadaye. Yako ni ya kwanza. Kaka yako alikuchagulia kiwango kwa kutaja matembezi kama sababu mojawapo, kisha programu ikakulipa matembezi yaleyale tena kila ukiyaandika. Mteja akikulipa mara mbili jora moja utamrudishia. Mwili wako haukurudishia, ulikwenda kuweka akiba.

Tena hata 300 yenyewe ni nyingi. Dakika 45 za kutembea kwa uzito wako, ukitoa zile kalori ambazo ungetumia hata kama ungebaki umekaa, ni kati ya 100 na 150. Ni chini ya chapati moja ya barabarani. Na kama 300 hiyo umeletewa na saa ya mkononi, usiiamini hata kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima saa saba za namna hiyo mwaka 2017; mapigo ya moyo zilihesabu vizuri, lakini kalori, hata ile bora kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27 kwa wastani, na mbovu kuliko zote kwa asilimia 93. Mimi mwenyewe niliwahi kuvaa moja. Siku moja nilitoka Wandegeya hadi Mukono kwa taksi, tukapita kila shimo la barabara, nikashuka nimeandikiwa hatua elfu kadhaa nikiwa nimekaa dirishani nakula mahindi ya kuchoma.

Ukiviunganisha vyote, kilo yako moja inaonekana ilikotoka. Ulikuwa unatumia kama 2,100. Ulikuwa unaruhusiwa 2,094, na siku nne za wiki 2,394. Wastani wake ni karibu 2,265. Ziada ya 165 kila siku kwa siku 60 ni kalori 9,900. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama 7,700. Miili haiendi sawasawa na kikokotoo namna hii, na sitakudanganya kwamba huwa inaenda, lakini umeona mwenyewe kwamba hukudanganya na hukukosa nidhamu. Ulitii namba isiyo yako.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwaambie watu wachague chini kuliko wanavyojiona, nalo limetoka karibu na kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado huwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Waliwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina maalumu, wakapima mkojo kwa siku kadhaa, na kwa njia hiyo wakajua kila mtu ametumia kalori ngapi hasa, si za kukisia. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kalori walizotumia, ukizingatia ukubwa wa miili yao, hazikupishana na za Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Inaelekea mtu akizoea kujituma sana, mwili unabana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanavutana unabana kiasi gani. Ila kwa mtu anayepanga chakula, ni sababu ya kutosha ya kutoziamini ngazi za juu, 1.725 na 1.9, isipokuwa maisha yake yanamlazimisha.

Na usimsingizie umri. Kundi hilohilo la watafiti, mwaka 2021, lilikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, na ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, matumizi ya kalori yanabaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Ukiwa na 36 mwili wako haujapoa. Kinachobadilika kwa wengi wetu ni duka kukua, boda kuchukua nafasi ya miguu, na msichana wa kazi kushika ufagio.

Nije kwa baba watoto. Anakutakia mema, lakini 1,200 iko chini ya kalori zako za msingi kwa 300. Wiki ya kwanza utaona kilo mbili zimeshuka, nyingi zikiwa maji, nyumba nzima itafurahi. Wiki ya tatu utakuwa na kizunguzungu kaunta na hasira kwa wateja, na pamoja na mafuta utakuwa unapoteza misuli. Wiki ya tano, kwa uzoefu wangu, mtu hula rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, usiku amesimama jikoni na kujiona hana maana. Anza na 1,650 kila siku, ya kutembea na ya kutotembea, bila kuongeza. Kutoka 2,100 huo ni upungufu wa 450, na ukienda sawa utapungua karibu kilo moja na robo tatu kwa mwezi. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, mwone daktari wako kabla ya kubadili chakula, kwa sababu dozi ilipangwa kwa chakula unachokula sasa.

Halafu ikifika wiki ya tano, neno la shughuli litupe kabisa. Utakuwa na kitu bora: namba yako mwenyewe. Jipime kila asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai, uandike. Usitazame siku moja moja, maana chumvi ya jana, hedhi na choo kigumu hutikisa mizani kwa kilo nzima au zaidi. Chukua wastani wa wiki. Wiki ya kwanza iache, ni ya maji. Baada ya siku 28 nyingine, tuseme umekula wastani wa 1,700 na wastani wa uzito umeshuka kilo moja. Kilo moja ni 7,700, gawanya kwa 28 upate 275, jumlisha 1,700. Unatumia 1,975 kwa siku. Gawanya kwa 1,504: kiwango chako cha shughuli ni 1.31. Hakuna neno la programu linaloweza kukupa namba hiyo, na hiyo 1.31 ina faida moja zaidi, inabeba hata makosa yako ya kuandika chakula, mradi uyarudie vilevile.

Makosa hayo yapo, usikasirike. Utafiti mmoja maarufu wa New York, uliochapishwa 1992, uliwapima watu waliosema wanakula chini ya 1,200 na hawapungui. Walichoandika kilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 47 ya walichokula kweli, yaani walikula karibu mara mbili ya walivyoandika, na shughuli zao walizikuza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, walishangaa wenyewe. Kwetu pana mitego miwili mikubwa. Wa kwanza ni sinia. Mkila watu sita kwenye sinia moja, kisra (ule mkate mwembamba wa Wanubi) na mchuzi katikati, hakuna binadamu anayeweza kusema alikula nini. Kwa wiki hizi tano jipakulie pembeni kwanza, kisha ukae nao palepale, mkono wako ukila kwenye sahani yako. Mama mkwe atauliza; mwambie ni mtaalamu kaagiza, lawama nitabeba mimi.

Mtego wa pili ni mafuta ya kupikia, ambayo hakuna anayeyapima. Usipime kijiko kwa kijiko, utachoka siku ya pili. Andika kwa kalamu kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na tarehe iliyoisha. Lita moja ina kalori kama 8,200. Kama mko sita na imekwenda siku tano, gawanya kwa 30: kila mmoja amekula 273 kwa siku za mafuta peke yake. Ongeza hizo kila siku kwenye programu, bila kujali umekaanga nini. Mchuzi wa karanga nao una tabia hiyohiyo, gramu 100 za karanga zinapita kalori 560, ingawa huo angalau una protini na unashibisha. Matoke ya kuchemsha, ambayo watu huyaogopa bure, ni kama 115 hivi kwa gramu 100.

Kaka yako muulize anafanya kazi gani sasa. Akiwa kwenye mafunzo, anakimbia na begi mgongoni, kiwango chake kinaweza kuwa sahihi. Akiwa ofisini kambini, yeye naye amejipa cheo. Waendesha boda huja na kosa hilihili: saa 14 barabarani, vumbi na jua, lakini saa 13 kati ya hizo ni za kukaa. Kwao pia huanza na "kidogo". Ukienda kijijini wiki mbili kulima, usibadilishe chochote kwenye programu. Ukisikia njaa ya kweli ongeza chakula, ukirudi dukani uache. Lakini ukija kunyonyesha siku za mbele, sahau hesabu hizi zote uje tupange upya, maana maziwa peke yake yanataka karibu 500 kwa siku. Na Ramadhani usiifanye mwezi wa kupima. Saa za kulala, maji na futari vinavuruga mizani mpaka hutajua unasoma nini. Ama uanze sasa umalize kabla, au usubiri Idi ipite.

Jambo la mizani yenyewe: iweke juu ya saruji tupu, pale pale kila siku, ikiwezekana nyuma ya mlango wa bafu. Niliwahi kumlaumu mtu mwezi mzima kwamba haandiki chakula chake chote, kumbe mizani ilikuwa juu ya zulia chumbani, na kila alipoisogeza ilisoma namba nyingine.